Hinda Alipotafuta Mahali pa Kuzeekea

Hinda Rozenkranc alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kushona vitundu vya vifungo katika kiwanda cha makoti kule Brunswick, na hiyo alilipwa. Ya pili ilikuwa kuosha maiti za wanawake wa Kiyahudi wa Melbourne, na hiyo hakulipwa, wala hakuna anayelipwa. Zote mbili nilifanya naye. Mchana tulikaa cherehani kwa cherehani, na simu ya chama cha mazishi ikipigwa tulivua aproni za kiwandani tukaenda kuvaa za chumba cha kuoshea. Kwa hiyo habari za Hinda sizielezi kwa kuambiwa.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alipenda kunishonea nguo, na akinipima alinisukuma huku na huku kama gunia. "Nyooka, shoga," angesema. "Maiti wote niliowavika wametulia kuliko wewe." Kiwanda kizima kilicheka, na yeye hakucheka, maana alikuwa mtu wa kutupa neno na kuendelea na kazi yake.

Lakini ndani ya chumba cha kuoshea hakutupa neno hata moja. Hapo sheria yetu ni kunyamaza. Unasema dua, unasema kinachohitajika kwa kazi, basi. Maiti hafunuliwi zaidi ya pale panapooshwa. Hapitishiwi kitu juu yake: ukitaka kitambaa kilicho upande wa pili, unazunguka meza ukakichukue. Sanda ni ya kitani, haina mifuko, haina fundo hata moja. Mshipi unasokotwa tu, ufunguke wenyewe wakati wake ukifika. Mwanzo na tena mwisho mnamwita marehemu kwa jina lake na la baba yake, mnamwomba radhi kama mmemkosea heshima. Hinda alinifundisha haya kabla sijaolewa, na yeye alifundishwa na mama yake, aliyejifunzia Poland kabla ya vita.

Mumewe, Szymek, aliendesha gari la mkate. Alikufa mwezi wa nane, baridi ikiwa imeshika, moyo ukasimama akiwa amekaa anavua viatu. Wanaume huoshwa na wanaume. Wakaja wa chama, wakamchukua, na Hinda kwa kuwa alikuwa na ufunguo wa nyumba ya kuoshea akaenda akakaa kwenye korido, nje ya mlango. Hakuna mke anayefanya hivyo, na hakuna aliyemkataza.

Siku saba za matanga tulikaa naye kwenye viti vifupi, vioo vimefunikwa kwa mashuka. Hakulia. Watu walileta mayai ya kuchemsha na samaki wa chumvi, akala alichopewa. Ukimuuliza kitu anajibu. Matanga yakaisha, vioo vikafunuliwa, akawa vilevile. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno, halafu daktari akafunga duka akaenda zake. Hasikii uchungu, hasikii ladha. Niliwahi kumwekea chumvi badala ya sukari kwenye chai kwa bahati mbaya, akainywa yote.

Siku ya simu ya chama aliendelea kuja. Mikono ilifanya kazi yake kama zamani. Nilimwangalia usoni nikaona hakuna mtu.

Mwaka uliofuata, mwenye jumba lao la fleti pale Caulfield alifariki, na warithi wakataka kuliuza. Kodi za mtaa mzima zilikuwa zimepanda hadi mzee wa pensheni hawezi kuzitazama, na hapo ndipo penye masinagogi, bucha letu, duka letu la mikate, kila kitu. Mimi nilikuwa na nyumba ndogo aliyoniachia mume wangu, nikamwambia aje tukae wote. Akasema: "Nikae kwako unichagulie hadi soksi?" Hapo angalau nilimsikia Hinda wa zamani, nikaacha kumsihi.

Mwanawe Leon, wa pekee, akaja kutoka Perth. Ni mtoto mzuri, ana haraka tu. Alikuwa amekwisha kutafuta kwenye mtandao miji mitatu ambayo nyumba za wastaafu ni za bei nafuu na Wayahudi wapo, tena wenye shughuli zao, si majina tu. Alikodi gari akaja kunichukua na mimi.

"Mama mdogo, twende wote," aliniambia. "Wewe anakusikiliza."

"Simsikilizi," alisema Hinda kutoka kiti cha nyuma. "Nimemzoea."

Mji wa kwanza ulikuwa wa kaskazini, wa jua, tukaruka hadi huko kwa ndege. Dalali wa kijiji cha wastaafu alikuwa dada mchangamfu asiye Myahudi, lakini alikuwa amejifunza salamu yetu ya Sabato na aliitumia ingawa ilikuwa Jumanne. Alituonyesha bwawa la kuogelea lenye maji moto, ukumbi wa karata, chumba cha kwaya. Ijumaa jioni, alisema, akina mama wote hukusanyika kuwasha mishumaa, na mishumaa ni ya umeme kwa ajili ya usalama. Leon alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila kitu. Kwa kweli hata mimi nilianza kujiona nimekaa pale na miguu majini.

Hinda akauliza: "Mtu akifa hapa, nani anamwosha?"

Dalali alidhani hakusikia vizuri. Hinda akarudia, kwa sauti ileile.

"Mama yangu, hapa watu wanakuja kuishi," dalali akasema, akicheka.

"Wanakuja kuishi," Hinda akasema. "Halafu?"

Dada yule akaenda kuuliza ofisini. Akarudi na jibu kwamba kuna kampuni inayoshughulikia yote, marehemu husafirishwa hadi jiji kubwa, familia haisumbuliwi na chochote. Alisema hilo kama mtu anayetoa zawadi. Hinda akamshukuru, akatoka nje, akasimama kando ya gari la kukodi akingoja afunguliwe mlango.

Mji wa pili ulikuwa wa bara, mji wa machimbo ya dhahabu ya zamani. Huko nyumba zilikuwa rahisi kweli, na bustani nyuma. Sinagogi lao ni la tangu enzi za dhahabu, dari imepakwa rangi ya buluu na nyota. Alitufungulia Mzee Lionel, ambaye ndiye mwenye funguo, ndiye msomaji, ndiye mfagiaji. Alituandalia chai na keki, akatueleza kwamba Sabato ya kwanza ya kila mwezi watu huja hata kutoka mashambani, na kuna darasa la kusoma Torati, na safari za basi. Hinda akanywa chai, akauliza swali lake.

Mzee Lionel hakucheka. "Wanawake waoshaji tunao," alisema. "Wote wako kule." Akaonyesha kwa kidole nje ya dirisha, upande wa makaburi. "Wa mwisho tuliagiza watu Melbourne waje wamwoshe."

Hinda akamwambia keki yake nzuri. Sidhani alijua ina ladha gani.

Njiani Leon alijizuia hadi tukatoka nje ya mji, kisha akashindwa. "Mama, wewe unatafuta nyumba au kaburi?"

"Nyumba unaitafuta wewe," alijibu Hinda.

Leon akasimama kituo cha mafuta, akajaza tangi, akaingia ndani kulipa. Kulikuwa na foleni, tulimwona kupitia kioo. Hinda hakunigeukia. Akiwa anaangalia mbele, kiti cha Leon, akanieleza habari ya korido.

Alisema alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha mbao ninachokijua, karibu na kabati la mashuka. Alisikia meza inavutwa. Alisikia maji ya kwanza, akajua wanaosha kichwa, na baadaye mkono wa kulia, kwa sababu anajua mpangilio wake kama anavyojua ngazi za kwao. Alikuwa anamwosha pamoja nao kwa masikio. Halafu, walipofika miguuni, akasikia mmoja anasema kocha mpya wa timu atafukuzwa kabla msimu haujaisha. Mwingine akabisha. Wakabishana kidogo. Mmoja akacheka.

"Walicheka vibaya?" nilimuuliza.

"Hapana. Kicheko cha kawaida. Kama watu wanaoosha gari."

Nikataka kumwambia kwamba ni watu wazuri, ni kuchoka, wamefanya kazi hiyo miaka mingi hadi mikono inakwenda yenyewe. Sikusema, kwa sababu yeye ndiye aliyejua hilo kuliko mimi.

"Tangu hapo sisikii kitu, Bluma," alisema. "Nikikatwa kisu naona damu. Sitaki mimi niwe gari."

Leon akarudi na maji ya chupa na biskuti. Akauliza mbona tumenyamaza. Nikamwambia tumechoka kukaa.

Hivyo mji wa tatu nilikwenda nikijua tunatafuta nini. Leon hakujua, na Hinda alinikataza kumwambia.

Mji huo unaitwa Kirrabee, uko pwani ya New South Wales, mbali na Sydney kiasi cha kutosha kufanya nyumba ziwe rahisi. Wayahudi wa huko ni wazee wa Sydney waliokimbia kodi. Walianza watu wachache, mmoja akamwita shemeji, shemeji akamwita jirani, wakanunua moteli iliyofilisika wakaigeuza vyumba vya wastaafu. Ukumbi wa kulia wa moteli ndio sinagogi. Bado una zulia la moteli, lenye maua makubwa ya rangi ya chungwa.

Kwa shughuli, sijaona watu kama wale. Asubuhi wanatembea ufukweni, wamevaa kofia kama jeshi. Wana kikundi cha supu kwa wagonjwa, wana mchezo wa vibao vya Kichina ambao wanautetea kama sheria ya Musa, wana mhadhara kila wiki na ugomvi baada ya mhadhara. Mwenyekiti wao alikuwa Judith Lasker, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu anayesema na kila mtu kana kwamba amechelewa darasani. Alitukalisha, akatupa mkate wa Sabato uliobaki, akaanza kutusomea ratiba.

Hinda alimsubiri amalize. Kisha akauliza.

Judith akafunga mdomo, na nikaona hicho hakikuwa kitu alichokizoea. Akasema polepole kwamba tangu waje wamekufa wawili, na wote wawili watoto wao waliwachukua Sydney. Hawajawahi kuosha mtu. Halmashauri imewapa pembe ya makaburi ya mji, lakini bado ni nyasi tu. "Hatujui, Bi Hinda," alisema. "Ukweli ndio huo. Hatujui."

Kulikuwa na mwanamke mwingine anapanga vikombe, mnene, amefunga kitambaa cha maua kichwani. Huyo ni Zina Feigin, aliyezaliwa Odessa akapika maisha yake yote kwenye shule za Sydney. Aliweka kikombe chini.

"Kwani hufanywaje?" aliuliza.

Hinda akageuka akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, na Zina hakuondoa macho.

Kwenye gari, Hinda alimwambia Leon achukue pale. Leon alifurahi kwa sababu ya bei na kwa sababu ya kumaliza. Mimi nilingoja hadi tuko peke yetu, nikamkabili. Nilimwambia hawa hawajui kitu, hata mshipi hawajui, afadhali Mzee Lionel na watu wake wa kuagiza.

"Ndiyo, hawajui," alisema. "Hawajazoea."

Akahamia kabla ya Pasaka. Nilimsaidia kufunga mizigo. Cherehani yake ilikwenda, na seti mbili za sufuria, ya nyama na ya maziwa, maana kwetu havichanganywi, na viatu vya Szymek, ambavyo sikumuuliza.

Nilikwenda kumtembelea majira ya kuchipua. Chumba chake kilikuwa mwisho wa veranda, mlango bado una namba ya moteli. Alikuwa ameshona sanda za kutosha kijiji, zimekunjwa kabatini. Nilimwona amekonda. Nikamuuliza hali, akasema nzuri. Nikamuuliza anawapenda watu wa pale, akasema wapo.

Masomo yalikuwa Jumatano, baada ya matembezi. Judith alikuwa ameunda kamati, na kamati ilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni Judith. Mwenye kampuni ya mazishi ya mji, mtu wa watu ingawa si wa dini yetu, aliwaazima chumba chenye meza ya chuma na bomba. Kwa kujifunzia walikuwa wamepata sanamu ya dukani, ile ya kuvishia nguo, haina mkono mmoja.

Nilikaa pembeni kama mgeni. Walijua kila kitu kwa kichwa. Judith alitaja mpangilio bila kukosea, kichwa, shingo, mkono wa kulia, upande wa kulia, na wenzake wakafuata. Maji yalimiminwa bila kukatika, ndoo ya pili ikianza kabla ile ya kwanza haijaisha, kama inavyotakiwa. Lakini midomo haikutulia. Mmoja alisema sanamu hii ina kiuno alichokuwa nacho yeye kabla ya kuzaa. Mwingine akamwambia kiuno hicho hajawahi kuwa nacho hata tumboni mwa mamaye. Judith, akisugua bega la plastiki, akawakumbusha kuhusu basi la Alhamisi, kwamba safari hii halitamsubiri mtu. Akanyoosha mkono, akaomba kitambaa, na mwenzake akakirusha juu ya sanamu, Judith akakidaka.

Hinda alikuwa amesimama kichwani pa meza. Alizunguka, akaichukua ile sanamu kwapani, akaiegemeza ukutani. Akavua viatu. Akavua saa. Akapanda juu ya meza kwa kutumia kiti, akalala chali, mikono ubavuni.

Chumba kizima kikashtuka. Kwetu mtu aliye hai hakanyagi huko. Aliye hai havai sanda, halali kwenye meza ile, wala watu hawaongei kwa mzaha kuhusu hilo, maana ni kama kumwita Malaika wa Mauti kwa jina. Zina akatema mate hewani mara tatu, tfu, tfu, tfu. "Dada Hinda, shuka," alisema. "Shuka, tafadhali, unatuitia mkosi."

"Basi lala wewe," Hinda akajibu akiwa ameangalia dari.

Zina hakulala. Judith aliniangalia mimi, akitaka nimtoe. Nilitaka kumtoa. Nilikumbuka kituo cha mafuta nikabaki nimekaa.

"Vueni soksi tu," Hinda alisema. "Na mnifunue mkono wa kulia. Nguo acheni. Halafu mimi sitasema tena."

Akafumba macho.

Mtu akakohoa. Kisha Zina akanawa mikono, akachukua shuka, akamfunika Hinda kuanzia shingoni hadi miguuni. Akasema dua ile ya mwanzo, ya kumwita kwa jina na la baba yake na kumwomba radhi kwa watakalolifanya. Judith akaja upande wa pili. Wakafunua mkono wa kulia peke yake, ule mkono mkubwa, wakaumwagia maji kuanzia begani hadi kwenye kucha. Hakuna aliyeongea. Wakaukausha, wakaufunika. Judith alihitaji kitambaa kilichokuwa upande wa Zina, nikamwona ananyoosha mkono, anausimamisha hewani, anaurudisha. Akazunguka meza yote akakichukua.

Wakafunua miguu. Hinda alikuwa na vidole vilivyopinda kwa sababu ya kanyagio la cherehani. Zina aliviosha kimoja kimoja.

Walipomaliza waliomba radhi, wote pamoja. Hinda binti Mordechai, kama tumekukosea heshima tusamehe, tulilofanya tulilifanya kwa ajili yako. Yeye hakujibu, kwa sababu maiti hajibu. Tulikaa hivyo. Nilianza kuwaza kama kweli anapumua.

Hinda akafumbua macho.

"Maji ni ya baridi," alisema. "Yapasheni moto kidogo. Mtu si samaki."

Akaomba kiti ashukie.

Kesho yake tulikaa kwenye veranda na chai. Alikuwa vilevile, sitadanganya kwamba ganzi ilimtoka. Lakini aliiweka biskuti mdomoni, akaacha kutafuna, akasema ina tangawizi nyingi mno. Nilimwambia kweli ina tangawizi nyingi. Baadaye akaniambia kile alichokuwa ananisubiria.

"Siku yangu ikifika, utakuja."

"Nitakuja. Nitakuosha mwenyewe."

"Hapana. Wewe usiingie. Wataniosha wao. Wewe kaa nje, kwenye korido, unisikilizie."

Sikupenda. Ni mimi niliyestahili kumwosha kuliko yeyote, na nilimwambia hivyo wazi, kwamba ananinyima haki yangu kwa ajili ya watu waliojifunza juzi. Alinijibu kwamba mimi na yeye tumeosha wengi mno. Hakueleza zaidi. Nikakubali kwa hasira.

Alifariki majira ya baridi, si ya mwaka ule, ya mwaka uliofuata. Zina ndiye aliyenipigia. Alisema dada Hinda alikuja mezani asubuhi, akasema hajisikii kula, akarudi chumbani kulala, basi. Nilichukua treni. Leon alikuja kwa ndege, nikamkuta ameketi kwenye gari nje ya nyumba ya mwenye mazishi, hajui aingie au asiingie. Nilimwambia abaki palepale.

Korido ya mahali pale ina sakafu ya plastiki na picha ya maporomoko ya maji ukutani. Nilivuta kiti nikakiweka karibu na mlango. Wanawake walipita mmoja mmoja wakiingia, wamevaa aproni nyeupe alizowashonea Hinda. Walinitazama, nami niliwatazama. Judith alisimama, akakaza kamba za aproni, akaingia. Wa mwisho alikuwa Zina, amebeba birika la umeme linafuka moshi, amelishika mbali na mwili kwa kitambaa. Alifunga mlango kwa kiwiko.

Nilisikiliza. Nilisikia meza, kidogo. Nilisikia jina lake na la baba yake. Halafu maji. Nilijua wako kichwani. Nilijua wamefika mkono wa kulia. Nilisikia viatu vinazunguka meza, polepole, vinasimama, vinazunguka tena kurudi. Walipofika miguuni nilijikuta nimeshika kiti kwa mikono miwili, nasubiri mtu aseme habari ya basi. Sikusikia basi. Maji yakamiminwa mengi, mfululizo, yakaisha. Kitani kikakunjuliwa, sauti ya kitani kipya naijua popote. Baadaye sauti zote pamoja, zinaomba radhi. Halafu hapakuwa na kitu kabisa.

Mlango ulifunguliwa baada ya muda. Judith alitoka wa kwanza, mikono mikavu na myekundu, nywele zimelowa kwa jasho. Hakuwa mwalimu mkuu wa mtu yeyote. Aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Bi Bluma. Vipi?"

"Sikusikia kitu," nilimwambia.

Alikaa chini palepale sakafuni, kwenye plastiki, mgongo ukutani. Zina akapita na birika tupu, akasema anakwenda kuchemsha mayai ya msibani, nani atamsaidia kumenya. Nikainuka nikaenda naye.

Tulimzika kwenye ile pembe ya nyasi. Yeye ndiye wa kwanza pale. Leon alisema dua ya mwana kwa mama bila haraka.

Nilikaa siku zote saba za matanga, kwenye chumba chake. Nilitoa viatu vya Szymek kabatini nikaviweka tena. Siku ya mwisho Leon aliniuliza kama ninamjua mtu anayetaka chumba, maana kodi yake ni ndogo na mkataba una muda bado. Nilimwambia nitafikiri. Nyumba yangu ya Melbourne ina ngazi nyingi, na chama chetu kule siku hizi kina vijana wazuri, wepesi, wana simu mifukoni.

Nilikuwa nimekwisha kufikiri. Nilimwambia nitafikiri ili asidhani mimi ni mtu wa haraka.